Kamera Isipoona Kitu, Omba Vinyama Vipelekwe Maabara

Kwa miezi saba nilihara maji matupu, mara sita hadi nane kwa siku, bila damu wala homa, na usiku nilikuwa nikizinduka saa tisa kukimbilia chooni, mara nyingine nisiwahi. Vipimo vya choo havikuonyesha vijidudu vyovyote. Nilipofanyiwa kolonoskopia, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, niliambiwa kwamba utumbo wangu mpana uko salama, hivyo nipunguze mawazo. Ile saa tisa ya usiku ndiyo iliyopaswa kututia shaka, kwa maana tumbo linalovurugwa na mawazo kwa kawaida hutulia mtu anapolala.

Kolaitisi ya hadubini, ugonjwa uliokuja kugunduliwa kwangu, ni mchochota wa utando wa ndani wa utumbo mpana, ambao mara nyingi kamera huupita bila kuuona: ukuta huonekana laini, hauna kidonda. Katika uchunguzi wa pili, daktari mwingine alichukua vinyama, yaani vipande vidogo vya utando huo vya kupimwa kwa hadubini, upande wa kulia na wa kushoto wa utumbo, kwa sababu vile vya karibu na njia ya haja peke yake vinaweza kuukosa ugonjwa. Baadaye alinionyesha picha ya vinyama hivyo chini ya hadubini: chini kidogo ya safu ya seli za juu ulipita utepe mnene wa rangi ya waridi. Ilikuwa kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, na unene wake ulizidi mikromita 10, kiwango kinachotumika kuthibitisha aina ya ugonjwa huu yenye kolajeni. Aina nyingine haina utepe. Hutambuliwa kwa limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) 20 au zaidi zilizopenya kwa kila seli 100 za utando wa juu.

Ukihara maji kwa zaidi ya wiki nne, hasa ikiwa wewe ni mwanamke uliyevuka miaka 50, mwombe daktari kabla ya kipimo achukue vinyama hata kama hataona kasoro. Mpelekee orodha ya dawa zako zote, kwa kuwa ibuprofeni, aspirini, lansoprazoli (ya kupunguza asidi tumboni) na setralini (ya sonona) ni miongoni mwa zinazohusishwa na ugonjwa huu, lakini usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze pia kama unavuta sigara. Ulizia na kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano, kwani maradhi haya mawili huweza kuandamana.

Mimi nilikuwa nimetumia lansoprazoli kwa miaka mingi. Daktari aliiondoa, akanipa budesonidi, dawa ya kutuliza mchochota, miligramu 9 kwa siku, na katika wiki ya pili nililala hadi asubuhi.