Mbwa wangu wanasusa chakula njiani: niongeze maili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi natoka Arusha, kwa sasa nafanya kazi kwenye banda la mbwa wa sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa juu ya theluji, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Mwenye banda amenikabidhi mbwa 8 niwaandae kwa mbio zangu za kwanza, kama maili 120 hivi, mwishoni mwa Januari. Tunakimbia maili 30 hadi 40 mara nne kwa wiki, na wakirudi bado wanaruka ruka. Wiki iliyopita nikajaribu maili 100 na mapumziko mawili. La kwanza walikula vizuri. La pili, watatu walinusa bakuli wakageuza shingo, wanne wakaanza kuhara, na jike mmoja wa miaka miwili amekonda hadi mbavu zinahesabika. Chakula chao ni punje kavu za mbwa, zile za dukani. Safari hiyo niliwaongezea mafuta ya kuku wapate nguvu. Kiu wanakata kwa theluji. Mwenye banda anasema niongeze maili. Ni kweli? Halafu tuna watoto wa mbwa wanne wa miezi mitano, nianze kuwafunga kwenye sleji lini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kazi ya usafi. Afadhali ya huko ni kwamba kinyesi kinaganda.

Maili usiongeze kwanza. Maili 40 mara nne kwa wiki zinatosha kabisa kwa mbio za 120. Mbwa wako miguu wanayo. Wasichokijua ni kusimama mahali wasipopajua, kula, kulala kwa muda wa saa nne kwenye theluji, kisha kuamka waondoke tena. Mbwa anayekimbia na kurudi kwenye kibanda chake amezoea jambo moja: kazi ikiisha, nyumbani. Safari yako ya majuzi ilikuwa mara yao ya kwanza kuambiwa vingine, tena siku hiyo hiyo ukawabadilishia chakula.

Tuanze na hayo mafuta, maana nadhani ndiyo yaliyowaharisha. Wazo lako lenyewe ni zuri. Mbwa wa kilo 25 anayekaa tu nyumbani hutumia kalori 1,100 au 1,200 kwa siku. Mbwa huyo huyo akiwa katikati ya mbio kama Iditarod, zile za kutoka Anchorage hadi Nome kule Alaska, karibu maili 1,000, amepimwa akitumia zaidi ya 10,000. Piga hesabu: punje kavu nzuri ina kalori 4 na kitu kwa gramu, kwa hiyo angehitaji zaidi ya kilo 2 za punje kila siku. Tumbo halibebi. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, na mbwa wa sleji anayatumia vizuri kuliko sisi. Msuli wake, baada ya siku chache za kazi mfululizo, huacha kumaliza akiba ya sukari na huendelea kuchoma mafuta. Ndiyo maana anaweza kukimbia leo, kesho na keshokutwa.

Lakini utumbo unahitaji muda. Ukimwaga mafuta siku ya safari yanapita moja kwa moja, na kinyesi kinatoka laini, cha kijivu au rangi ya chungwa, kinang'aa kama kimepakwa nta. Nakwambia hivi kwa sababu nimefanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii ya mbwa wa sleji nilikuwa na mbwa sita wa kujifunzia, nikanunua ndoo ya mafuta ya ng'ombe siku mbili kabla ya safari. Kufika maili ya 25 timu nzima ilikuwa imechuchumaa huku inakimbia, na mimi nyuma kwenye sleji, uso mbele. Daktari wa mifugo mzima!

Kwa hiyo anza leo na kijiko kimoja cha chakula kwa kila mbwa, ongeza kila baada ya siku tatu au nne huku ukiangalia choo. Kikilegea, rudi hatua moja nyuma. Ukifika wiki moja kabla ya mbio, chakula kisibadilike hata kidogo, hata ukiletewa samaki wa bure. Protini nayo usiipunguze ili kupisha mafuta. Mbwa wa mazoezi waliolishwa protini kidogo wameonekana wakiumia misuli zaidi, ndiyo maana waendesha sleji wengi huchanganya punje na nyama mbichi, kuku au samaki.

Sasa maji. Hapa ndipo ningekugombeza kama ungekuwa karibu. Theluji si maji ya kutegemea. Mbwa wa kilo 25 kwenye mbio ndefu anahitaji kama lita 5 kwa siku, na theluji ni hewa tupu. Tena kila lita anayoiyeyusha tumboni inamla kalori zaidi ya 120 kuipasha hadi joto la mwili. Kulamba mara moja moja akikimbia, sawa. Ila kunywa ni kwako wewe kumnywesha, na mbwa aliyechoka hanywi maji matupu. Unamdanganya: maji ya vuguvugu, ndani yake vipande vya nyama au samaki, yakae mpaka yanukie. Supu, kwa kweli, ingawa makongoro ya Arusha hawatayapata. Punje ziloweke humo ziwe kama uji mwepesi. Mbwa akiufuata mnofu ulio chini ya bakuli, amemaliza lita nzima bila kujua. Wafanyie hivyo kila siku bandani, asubuhi na jioni, na bakuli liondoke baada ya dakika tano, amemaliza au hajamaliza. Mbwa aliyezoea chakula kukaa kutwa mbele yake atakuambia njiani kwamba atakula baadaye. Njiani baadaye haipo.

Njiani penyewe, kila baada ya saa moja na nusu au mbili, piga nanga, ile ndoano ya kuizuia sleji kwenye theluji, pita na mfuko, kila mmoja kipande cha samaki au nyama ya mafuta iliyoganda, kama ukubwa wa kiganja. Dakika mbili, mnaondoka.

Kuhusu kulala. Wiki hii peleka timu maili 15 tu, kisha pigeni kambi, hata kama ni nyuma ya banda. Mpangilio uwe ule ule kila mara, usiubadilishe hata siku moja. Nanga chini. Fungua kamba ya kuvutia ya kila mbwa kutoka nyuma ya mkanda wake. Hiyo ndiyo ishara kwamba kazi imekatika. Kipande cha kutafuna. Majani makavu, tandika mengi. Vua soksi zote za miguu, kwa sababu zikibaki mguu unavimba na damu haipiti vizuri. Washa jiko la spiriti, yeyusha theluji, pika. Walishe. Ndipo upite mguu kwa mguu, upanue vidole na kuangalia katikati kama pamechubuka, paka dawa, kanda mabega na vifundo vya mbele. Wewe unakula mwisho, na unalala kama muda umebaki. Mara mbili tatu za kwanza watasimama wanakushangaa. Ya nne utaona mbwa anajizungusha na kujikunja kabla hujamaliza kutandika.

Muda wa kupumzika, kwa timu changa, ulingane na muda wa kukimbia: saa nne kwa nne, au tano kwa tano. Anayekuambia mapumziko ni uvivu mkumbushe kwamba sheria za Iditarod zinamlazimisha kila mshindani kusimama saa 24 mara moja na saa 8 mara mbili. Na angalia historia: mwaka 1973, mara ya kwanza mbio hizo kufika Nome, Dick Wilmarth alishinda kwa siku 20. Mwaka 2017 Mitch Seavey alitumia siku 8 na saa chache. Mbwa hawakugeuka duma. Njia ilitengenezwa vizuri zaidi, na watu wakajifunza kulisha na kupanga mapumziko. Timu yako ikienda maili 9 kwa saa inatosha. Saa ya kwanza watataka 13. Kanyaga breki, hiyo ndiyo saa inayoharibu mbio.

Katika kila kituo fanya kile tunachofanya sisi madaktari wa mbio tukipiga magoti kwenye majani. Kwanza mwangalie usoni kabla hujamgusa: anakufuata kwa macho? Vuta ngozi ya shingoni uiachie, irudi mara moja. Bonyeza fizi hadi iwe nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Pitisha mkono mgongoni na kiunoni uone kama nyama imepungua. Sikiliza pumzi akiwa ametulia. Na hesabu waliokula. Mbwa anayehara lakini anakula na kunywa, mara nyingi anaendelea. Aliyesusa milo miwili haendi popote, anapanda ndani ya sleji au anabaki kituoni.

Kususa kwenyewe kuna sababu nyingine usiyoiona kwa macho. Mbwa waliopigwa kamera ya tumboni baada ya Iditarod, karibu nusu walikutwa na michubuko au vidonda, wengi wao bila dalili yoyote kwa nje. Ongea na daktari wa banda lenu kuhusu dawa za kupunguza asidi kabla ya safari ndefu. Kipimo akupangie yeye aliyewaona. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, fizi zimepauka, anatapika huku anakohoa, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mbio zimeishia hapo kwa mbwa huyo, usiku ule ule atafutiwe daktari.

Watoto wa miezi mitano wasifungwe bado. Watembeze wakiwa huru msituni, waruke magogo, wavuke vijito, waogope na wajizoeze wenyewe. Wale uji kama wakubwa. Mkanda wavae wakifika miezi sita hadi minane, maili moja au mbili, katikati ya wazee wenye akili, na mrudi wakiwa bado wanadai. Mbio ndefu kabla ya mwaka mmoja na nusu hapana. Mifupa na viungo havijakomaa, na mtoto aliyechoshwa mapema hujifunza kwamba kamba ni adhabu.

Huyo jike mwache Januari hii, kimbia na saba. Mpe dawa ya minyoo kama hajapata, choo chake kipimwe. Wakikuta salmonela, bakteria wa tumboni, msikimbilie kumlaumu mdudu, hukutwa hata kwa mbwa wa sleji wasiohara. Mpime uzito leo na baada ya wiki mbili, halafu niandikie. Uniambie pia kama anakula akiwa peke yake au mnyororo wake unafikiana na wa jirani, kwa sababu nimewahi kutibu mbwa mwembamba mwezi mzima, kumbe aliyekuwa akimaliza bakuli ni wa pembeni.