Homoni za kiume: za baba au za mjomba?

Mimi na mdogo wangu tulipima testosteroni siku moja. Yangu iko chini ya yake kwa mbali, na sinia tunakula moja. Kwa nini? (Mkulima wa korosho, Tandahimba)

Sinia moja, lakini jeni kila mmoja alichota za kwake. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti ya testosteroni baina ya wanaume ni ya kurithi kwa kiasi kikubwa. Sasa sikiliza: homoni hiyo nyingi haitembei huru kwenye damu, inabebwa. Mbebaji mmoja ni protini ya ini iitwayo SHBG, na jeni yake iko kwenye kromosomu (furushi la jeni) ya 17. Wapo waliozaliwa na aina ya jeni inayotoa protini hiyo kidogo. Fikiria protini ni basi, homoni ni abiria. Kipimo cha kawaida kinahesabu abiria wote, waliomo ndani ya basi na walioshuka, kwa hiyo jumla yao inasomeka ndogo. Wanaofanya kazi ni walioshuka, kama asilimia 2 tu, na hao huenda mnalingana. Omba kipimo cha SHBG pia. Kitambi nacho huishusha protini hiyo (hukuniandikia kama unacho, na sikulaumu). Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kisha kipimo kirudiwe siku nyingine.

Shikamoo. Nimeota upara kama mjomba wangu. Homoni nazo tunafuata kwa wajomba? (Kijana, Newala)

Marahaba. Wamakonde, Wamwera na Wayao walihesabu ukoo kwa mama kabla ya yeyote kusikia neno kromosomu, na hapa wana haki kiasi. Mwanamume ana kromosomu X moja, ameipata kwa mama. Baba alimpa Y. Kwenye X hiyo kuna jeni ya kipokezi, yaani kinachoisikia testosteroni ndani ya seli. Ndani ya jeni hiyo herufi CAG za maandishi yake zinajirudia, kwa mtu huyu mara 18, kwa yule 25. Marudio yakizidi, kipokezi husikia kwa shida. Ndiyo maana wawili wenye kiwango kimoja hawalazimiki kufanana. Jeni hiyohiyo inahusika na upara. Mwaka 2011 watafiti walipata sehemu nyingine ya X inayogusa kiwango chenyewe, ila waliopimwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya.

Mjomba asivimbe kichwa, hata hivyo. Kwa wastani mnashiriki robo tu ya X yako, na jeni nyingi za testosteroni zimetoka kwa wazazi wote wawili.

Supu ya pweza ya Feri inaongeza? (Mtwara mjini)

Inashibisha. Pweza ana zinki, na anayepungukiwa zinki testosteroni yake huweza kushuka. Asiyepungukiwa haongezewi kitu. Mimi nainywa kwa utamu.

Mwanangu ana miaka 19, mrefu, hana ndevu, kifua kimevimba kidogo, na alipotoka jando waliniambia korodani ni ndogo. Amerogwa? (Mama, Nachingwea)

Hapana, mama. Yapo mambo kadhaa yanayoleta hali hiyo. Moja ni kuzaliwa na X ya ziada, yaani XXY; hutokea kwa mvulana mmoja kati ya 500 hadi 1,000, na kwa kawaida hairithiwi wala si kosa la mzazi. Mpeleke hospitali ya mkoa, aeleze yote haya, apimwe homoni na kromosomu. Asichomwe sindano za testosteroni mtaani: zinazima utengenezaji wa mbegu, na baadhi ya wenye XXY bado wana mbegu chache ambazo daktari bingwa anaweza kuzitafuta kwanza.