Kwa nini nilipie mabomba ya mbali?

Swali: Shikamoo, fundi. Hapa Tudor bomba hutoa maji mara mbili kwa wiki. Siku nyingine nanunua madumu ya mkokoteni. Mbona bado nalipishwa gharama za mabomba ya kaunti nyingine? – Mama mpangaji, Mombasa

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uchungu wa mkokoteni naujua, hata kwangu unapita. Lakini kisiwa chetu hakina mto wa maji baridi. Tunayokunywa hutoka Baricho kando ya Mto Sabaki kule Kilifi, Marere kule Kwale, na Chemchemi ya Mzima kule Taita Taveta, ambayo maji yake huja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Ya Mzima hushuka yenyewe kwa mteremko. Ya Baricho husukumwa kwa umeme, na umeme hulipiwa hata maji yakivuja njiani. Ndiyo maana naona haki tulipe, na haki vilevile tudai mivujo izibwe.

Kabla ya kugombana na bili, kagua choo. Tia kahawa iliyopikwa ndani ya tangi, usivute maji. Baada ya nusu saa, ukiona rangi kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa. Ubadilishe leo, maji hayo yanapotea usiku kucha ukiwa umelala.