Papa, usiuze parseli kwanza: shughulika na Septemba

Papa, nimesoma swali lako, na nasema mama watoto wako yuko sahihi. Unasema deni lina miaka saba, watoto ni watano, wawili wako sekondari, na sasa unataka kuuza parseli, yaani kiwanja, ya Bagira uliyoachiwa na baba yako ili umalize mara moja. Mama amekataa. Unauliza kama kuna mtu aliyetoka kwenye deni la namna hiyo bila kuuza kitu. Tupo. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa Bukavu, mume wangu ni mwalimu wa sekondari, deni letu lilianza 2016 na likaisha 2022. Nitaandika kirefu, univumilie.

Tuanze na parseli. Mtu anayeuza kwa sababu ya deni hahitaji kujitangaza. Komisioneri, yaani dalali, anajua, mnunuzi anajua, anayekudai naye anajua, na wote watakaa wangoje ushuke bei. Ukiuza, komisioneri anakata chake, ndugu zako wanauliza chao kwa kuwa ni mali ya marehemu, kinachobaki kinaenda kwa mdai. Halafu inafika Septemba, shule zinafunguliwa, na watoto wako bado ni watano. Utakopa tena, na safari hii huna hata parseli ya kumtuliza anayekukopesha.

Sisi tulikopa kwa wale tunaowaita banque Lambert. Kwa wenzetu wa nje ya Kongo: si benki yoyote, ni mtu wa mtaani mwenye pesa taslimu. Wa kwetu alikuwa anatoa mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na thelathini. Ukishindwa, unampa ile thelathini tu, mia inabaki pale pale inakungoja. Tulichukua dola 200, mwezi wa garanti ya nyumba, ile amana ya mwenye nyumba, kugongana na minerval, yaani karo ya watoto. Akashika kadi ya benki ya mume wangu pamoja na namba yake ya siri, kama wanavyofanya kwa walimu wengi. Mshahara ukiingia, anautoa yeye, anakata, anatupa mabaki.

Na hapo bado sijasema habari ya franga ya Kongo. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa inakaribia 1,600. Piga hesabu: dola 200 ni franga 186,000 kwa bei ya kwanza, na 320,000 kwa bei ya pili, kabla ya riba. Mwalimu analipwa franga. Sambaza nauza kwa franga. Deni liko kwa dola, nyumba iko kwa dola, sekondari iko kwa dola. Ndiyo maana nikisikia watu wanamwambia mwenye deni hapa kwetu ajifunze kubana matumizi huwa nacheka. Abane nini? Tayari tulikuwa tunahesabu makala, vipande vya mkaa wa kupikia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi humu watalipinga. Tuliposhindwa kabisa, tuliacha kuukimbiza mtaji wa deni la zamani, tukaweka nguvu kwenye Septemba inayokuja. Nilikaa na daftari nikaona kitu: karibu kila mara tuliporudi kwa yule mtu kuongeza, ilikuwa Septemba, au Januari baada ya sikukuu, watoto wakiwa wamefukuzwa kwa ajili ya minerval. Wewe ni baba, unajua. Mtoto anarudi saa tatu asubuhi, begi mgongoni, anakaa mlangoni, anaona haya kucheza kwa sababu wenzake wako darasani. Siku hiyo hakuna mzazi anayeuliza riba ni ngapi. Yule wa banque Lambert anaijua siku hiyo kuliko sisi.

Kwa hiyo niliingia likirimba, mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, ya akina mama wa sokoni, na nikapigania zamu ya mwisho wa Agosti. Nakwambia nilipigania, maana kila mama mwenye watoto anaitaka hiyo. Wengine huwa tayari kubadilisha kwa zamu ya Desemba, kwa sababu ya biashara ya sikukuu. Tafuta mmoja wa namna hiyo. Na pesa ikikufikia mkononi, isilale nyumbani. Likirimba ni franga, shule ni dola, kila wiki unayochelewa inakula. Mimi nilikuwa natoka sokoni naenda shuleni moja kwa moja, nalipa awamu ya kwanza na kipande cha ya pili kabla ya kengele ya mwaka, nachukua risiti. Mkuu wa shule akiona mzazi amekuja Agosti bila kuitwa, hata ukichelewa mwezi wa pili anakusikiliza.

Mwaka wa kwanza tuliofanya hivyo deni la zamani halikupungua hata dola moja. Mume wangu alikasirika, akasema tunamnenepesha yule mtu kwa riba huku tunalipa shule. Alikuwa na hoja. Lakini Januari ilipita na hatukurudi kukopa, na hilo halikuwa limewahi kutokea tangu 2016.

Kuhusu watoto wako wadogo uliosema wako shule binafsi: wahamishe. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bila malipo, na shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mkataba na serikali zimo. Katiba ya 2006 ilishasema hivyo katika kifungu cha 43, ila tulingoja miaka. Darasa litakuwa limejaa, sikudanganyi, la mwanangu walikaa wamebanana kama sambaza kwenye beseni. Jioni baba yake alikuwa anarudia naye masomo. Lakini yule mkubwa wako anayekaribia mtihani wa Taifa usimguse. Mwaka wa mwisho una gharama zake, na mtoto akivunjika hapo utamlipia upya.

Baada ya Septemba kutulia ndipo tulipomwendea mdai. Si kabla. Ukienda ukiwa bado unamhitaji, atakusikiliza kwa adabu na hatabadilisha kitu. Tulikwenda na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, na mzee mmoja wa kanisa ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamheshimu. Hatukuomba asamehe. Tulimwomba mambo mawili: deni lisimame kwenye namba moja, na kadi irudi. Yeye alianza kwenye dola 500, sisi tukaanza kwenye zile 200 kwa kuwa riba alishakula mara nyingi kupita mtaji. Tulisimama kwenye 350. Mtu atasema ni nyingi. Ni nyingi kweli, ila tangu siku hiyo haikuongezeka, na namba isiyoongezeka hata muuza sambaza anaweza kuimaliza.

Tulitaka iandikwe kwa franga, akakataa katakata. Ikaandikwa kwa dola. Kadi alirudisha, na namba ya siri mume wangu aliibadilisha kesho yake.

Kuna wanaoshauri utangaze kadi imepotea, benki ikupe nyingine, mdai abaki na plastiki. Najua waliofanya. Mdai alikwenda moja kwa moja kwa OPJ, yule afisa wa polisi wa upelelezi, na karatasi iliyosainiwa, akafungua kesi ya udanganyifu, na baba wa watu akalala ndani. Kisheria kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la kufungwa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao 1976, unasema hivyo katika kifungu cha 11. Lakini wewe na mimi tunaishi hapa. Mume wangu alishawahi kuitwa kituo fulani cha polisi kwa deni hilo hilo, na pesa tuliyotoa ili arudi nyumbani haikupunguza deni hata kidogo. Usimpe mdai neno "udanganyifu" la kushika. Ukiitwa, nenda mchana, nenda na mtu, beba risiti zako zote.

Malipo tuliyapanga kufuata ziwa. Sambaza wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa angani samaki hawafuati taa, wavuvi wengi wanapumzika, sokoni beseni linapanda bei au halipo kabisa. Wiki hiyo mimi sina kitu. Wiki za giza nina kitu. Yule mtu alitaka kila tarehe ya mwisho wa mwezi, nikamwambia tarehe hiyo nitakuwa nakudanganya mara kwa mara. Nitakuletea kidogo kidogo wiki za giza. Alikubali kwa shingo upande, na baadaye mwenyewe akawa ananiuliza kama mitumbwi imeshuka. Wewe hujasema unafanya kazi gani, lakini kila kazi ina giza lake na mbalamwezi yake. Usikubali tarehe ambayo mfuko wako hauijui.

Madeni madogo nayapitia haraka. Binamu alingoja, ni binamu. Deni la duka la jirani tulililipa kila wiki bila kukosa, hata wiki ambayo mdai mkubwa hakupata kitu, kwa sababu duka lile ndilo lilitupa unga wa bugali mbalamwezi ikiwaka. Mtaalamu wa hesabu atasema deni lisilo na riba lilipwe mwisho. Mtaalamu huyo hajawahi kupika.

Michango sasa. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia kimya kimya. Kilio hatukuacha kuchangia, hata kidogo tulichokuwa nacho, kwa sababu siku ya kilio chako utawahitaji hao hao. Harusi tulipunguza sana. Sare za kitenge za harusi niliacha kabisa, na kitenge cha 8 Machi, siku ya wanawake, nilivaa cha mwaka wa nyuma, wenzangu wakanisema, ikapita. Shemeji zangu wa Walungu walituona tumekuwa wachoyo. Ng'ombe wa mahari ya mdogo wake tulitoa mchango wetu kwa kuchelewa, na mume wangu alikwenda mwenyewe kueleza, hakutuma mtu. Ukituma mtu wanaongeza chumvi njiani.

Watoto wakubwa waambie. Usiwape hesabu yote, waambie tu kwamba kuna deni na lina mwisho. Binti yangu alipojua aliacha kuomba simu, akaanza kukaa na mimi sokoni Jumamosi, akawa anahesabu chenji kuliko mimi. Mwanangu wa pili alijua pia na akaendelea kuomba simu. Watoto hawafanani.

Najua utaniambia mambo ya 2022 si ya leo. Ni kweli. Tangu Februari 2025 mabenki yalipofunga milango hapa Bukavu, mishahara imekuwa safari, pesa ya simu inakatwa kwa wakala hadi unaona uchungu. Kama mdai wako bado anahesabu riba kwa miezi ile ambayo hata yeye hakuweza kutoa pesa yake benki, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kumwendea sasa na mashahidi na kuomba namba isimame. Wengi wao nao walibanwa. Anayejua shida ya pesa iliyofungiwa atakusikia kuliko yule wetu wa zamani.

Mama watoto umshirikishe kwenye hayo mazungumzo. Umeandika "yeye anakataa tu". Pengine ana likirimba yake ambayo hujui. Muulize kwa upole.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kila ukilipa, aandike kwa mkono wake tarehe na kiasi, nawe ubaki na nakala. Siku ya kumaliza, ile karatasi ya kukubali deni irudi kwako, na aandike nyingine kwamba hakudai tena, mashahidi wale wale wasaini. Sisi aliturudishia ile ya 350, lakini ile ya kwanza ya dola 200 alisema imepotea. Alipofariki, mtoto wake akaja mlangoni nayo. Nilimtolea ile yenye saini ya shefu na ya baba yake, akaisoma akiwa amesimama, akaomba radhi. Bila hiyo tungeanza upya.