Andika Sababu, Si Majina: Kwa Wanaoanza Kupachika Modi Katika Skyrim

Anayeanza kupachika modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, katika gemu la Skyrim huambiwa mapema atunze kumbukumbu, naye hutii kwa kunakili majina ya modi zake zote, moja baada ya jingine. Hiyo ni kazi bure. Mod Organizer 2, programu ya kusimamia modi, tayari inayaandika majina hayo na mpangilio wake katika faili ya modlist.txt iliyomo kwenye folda ya wasifu wako, na plagini (faili za modi ambazo gemu huzisoma kwa zamu) katika plugins.txt; inatosha kuzinakili faili hizo mahali pengine kila unapofanya badiliko kubwa. Jasho lako liende kwenye yale ambayo programu haiyajui: kwa nini modi fulani imekaa hapo ilipo, na ni kipi kitakachoharibika ukiigusa.

Plagini mbili zikibadilisha kitu kimoja, inayosomwa mwisho ndiyo inayotawala, na ile iliyotangulia hufunikwa bila onyo lolote kwenye skrini. Programu ya LOOT itakupangia plagini kwa kanuni za jumla, lakini haijui kwamba wewe unapenda taa za modi hii kuliko za ile. Kwa hiyo kila unapoamua mgongano, iwe baada ya kuuchunguza kwa xEdit, programu inayoonyesha yaliyomo ndani ya plagini, au kwa kutembea ndani ya gemu, andika uamuzi wenyewe pamoja na sababu yake. Maandishi yanayofaa huwa hivi: “Modi ya taa isomwe baada ya modi ya samani, kwa kuwa zote zinagusa nyumba ya wageni ya Bannered Mare, mjini Whiterun. Samani zikisomwa mwisho, ukumbi unarudia mwanga wa awali. Modi ya samani ikiondolewa, kiraka cha kuziunganisha kiondolewe pia.” Ni sentensi chache tu, lakini anayezisoma miezi mingi baadaye hatalazimika kuanza uchunguzi upya.

Majibu unayoyatoa wakati wa kusakinisha nayo yaandikwe, hasa kwa modi kubwa zinazokuuliza una modi zipi nyingine na unataka ubora gani wa picha, kwa maana ni rahisi mno kubofya na kusahau.

Juu kabisa ya daftari iwepo namba kamili ya toleo la gemu. Tarehe 11 Novemba 2021, sasisho la Toleo la Maadhimisho lililihamisha gemu kutoka 1.5.97 hadi familia ya 1.6, na plagini za SKSE (programu ya ziada inayopanua uwezo wa gemu) zilizotengenezwa kwa toleo la zamani zikaacha kufanya kazi hadi watengenezaji wake walipozitengeneza upya; wachezaji wengi waliamua kubaki nyuma, na wapo wanaobaki huko hadi leo. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa tovuti ya modi ya Nexus Mods huweza kuwa na faili mbili zinazokaribiana sana kwa jina, kila moja ikiwa ya toleo lake la gemu. Andika ulipakua ipi.

Zipo pia faili zinazozalishwa na programu kama DynDOLOD (ya mandhari ya mbali) na Nemesis (ya miondoko ya wahusika) kutokana na modi ulizonazo wakati huo. Andika tarehe ya kuzizalisha, kwa sababu ukibadilisha miti au miondoko ya wahusika baada ya hapo, matokeo hayo yamepitwa na wakati, ingawa gemu linaweza kuendelea kufunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwisho ni modi zenye skripti, yaani amri zinazoendeshwa ndani ya gemu, ambazo mimi huziwekea alama ya pekee. Skripti huingia ndani ya hifadhi ya mchezo, hivyo kuiondoa modi ya namna hiyo katikati ya safari huacha mabaki yake humo. Kabla ya kuiwasha, hifadhi mchezo kwa namba mpya, kisha iandike namba hiyo kando ya jina la modi. Ukija kuichukia, utarudi kwenye hifadhi hiyo badala ya kuing'oa kwa nguvu.