Usiruke Wimbo wa Saba: Roxette Nje ya Vibao Vyake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mfupi wenye makali: "Kaka, kila siku unatusifia nyimbo ambazo hazikupigwa redioni. Zingekuwa nzuri, si zingepigwa?" Si ujumbe wa matusi, na aliyeuandika naona ni mpenzi wa muziki kama sisi wengine hapa. Ila amegusa kidonda. Nimeamua kumjibu kwa urefu, na nitamjibu kwa kundi ambalo karibu kila mtu anaamini analijua: Roxette.

Najua unazozijua. The Look, Listen to Your Heart, It Must Have Been Love, Joyride. Zote nne zilifika namba moja Marekani kati ya 1989 na 1991, na nyingine mbili, Dangerous na Fading Like a Flower, zikaishia namba mbili. Kwa Marie Fredriksson na Per Gessle, watu wawili waliotokea Halmstad, mji wa pwani huko Sweden, hayo si mafanikio ya kubeza. Ukitaja Roxette mbele ya watu waliokuwa vijana enzi hizo wataanza kuimba kabla hujamaliza kutamka jina. Waombe wakutajie wimbo wa saba sasa. Watatazamana.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Kaseti yangu ya Joyride, albamu ya 1991, niliachiwa na mtu aliyekuwa anahama, na haikuwa na jalada. Redio niliyokuwa nayo ilikuwa na tabia ya kutafuna utepe kila ukijaribu kuupeleka mbele kwa haraka, hivyo kaseti ikishaingia ilibaki humo mpaka upande uishe. Sikuwa na majina ya nyimbo. Nikazibatiza mwenyewe: ule wa mvua, ule wa makelele, ule wa mwisho. Niliishi na majina hayo muda mrefu, na mpaka leo nikiona jina halisi la wimbo fulani lazima nilitafsiri kwanza kichwani kuwa ni "ule wa" nini.

Ule wa mvua ni Watercolours in the Rain, wa saba kwenye albamu. Haukutolewa kama singo, yaani haukuuzwa peke yake nje ya albamu. Unaanza taratibu, Marie anaimba kama mtu anayejisemea peke yake, na sauti ile ambayo kwenye vibao inapanda mpaka darini, hapa anaishikilia chini. Huyu ndiye mwimbaji yuleyule wa It Must Have Been Love, lakini hapa hakuna anayemwomba apige ukelele wa mwisho ili watu wasimame. Ukitazama majina ya watunzi utaona jambo jingine: Gessle ndiye aliyeandika sehemu kubwa mno ya nyimbo za Roxette, lakini kwenye huu jina la Marie limo. Jina lake limo pia kwenye Go to Sleep, unaofunga albamu ya Crash! Boom! Bang! ya 1994. Mimi naamini ndiyo maana nyimbo hizo mbili zina joto la aina moja, ingawa zimepishana miaka mitatu. Kwenye redio Marie alisikika zaidi kama sauti ya nyimbo za Gessle. Kwenye albamu unamkuta Marie mtunzi.

Sasa kidonda chenyewe. Miaka hiyo nilipeleka pendekezo kwenye kituo kimoja cha redio, sitakitaja. Kipindi cha saa moja kwa wiki, kila wiki msanii mmoja mkubwa, na sharti moja tu: wimbo wowote uliowahi kuwa kibao haupigwi. Nilikuwa nimeandaa kipindi cha kwanza chote, dakika kwa dakika, na cha Roxette kilikuwa cha pili. Mhusika alisoma ukurasa wa kwanza akaurudisha mezani. Akaniambia wasikilizaji wanataka wanachokijua. Nikamuuliza, watakijuaje wasichopigiwa? Akacheka, akaniuliza kama najua kusoma matangazo ya vifo. Sikurudi tena pale, na nakiri kwamba kila ninapopata mtu mmoja wa kumsikilizisha wimbo uliosahaulika, ndani yangu kuna mtu anayemjibu yule bwana.

Basi, kwako msomaji uliyeniuliza: zingekuwa nzuri, si zingepigwa? Hebu tazama vibao vyenyewe vilivyopigwa. The Look ilikuwa tayari imo kwenye albamu ya Look Sharp! iliyotoka Sweden 1988. Marekani hakuna aliyekuwa na habari nayo. Mwanafunzi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Sweden kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi ndiye aliyeibeba albamu kurudi nayo Minneapolis, akaipeleka kituo cha KDWB, nao wakaipiga. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Yaani wimbo ambao leo unauita kibao ulikuwa haujulikani Marekani mpaka kijana mmoja mkaidi alipouweka kwenye begi. Na It Must Have Been Love? Ilitoka kwanza 1987 kama wimbo wa Krismasi, kwao Sweden. Ilipotakiwa kwa ajili ya filamu ya Pretty Woman, iliyotoka 1990, wakaondoa neno la Krismasi wakaweka siku ya baridi, wimbo ukafika namba moja Marekani. Miaka mitatu ulikuwa mzuri vilevile, na dunia haikuupiga.

Kwa hiyo redio haikuwa hakimu. Ilikuwa bahati, begi la mwanafunzi na filamu moja.

Mfano mwingine naupenda zaidi, nao ni Queen of Rain. Ulirekodiwa kwa ajili ya Joyride na ndio ulikusudiwa kuifunga albamu. Wakaandika Perfect Day, wakaupenda zaidi, Queen of Rain ukawekwa pembeni. Ukaja kutoka 1992 kwenye Tourism, tena ukatolewa kama singo. Watu wakaupokea kama wimbo mpya. Mimi nasema Perfect Day ndio bora, na ndio "ule wa mwisho" wa kaseti yangu, ambao haujawahi kutolewa kama singo na hauhitaji. Tunaweza kubishana. Lakini ili ubishane nami lazima uwe umefika mwisho wa albamu, na hapo ndipo wengi mnaponishinda kwa kutokuwepo.

Tourism yenyewe ndiyo albamu ninayowapa watu kila mara. Wengi huiruka kwa sababu inaonekana kama mabaki: nyimbo za jukwaani, vibao vya zamani vilivyorudiwa, na jina refu la ziada linalosema kwamba hizi ni nyimbo kutoka studio, majukwaa, vyumba vya hoteli na sehemu nyingine za ajabu. Walikuwa kwenye ziara ya dunia na hawakutaka kusubiri kurudi nyumbani. Ndiyo maana inasikika tofauti na nyingine zote. Look Sharp! na Joyride zimepigwa pasi, kila mkunjo umelainishwa. Hii imevaliwa moja kwa moja kutoka kwenye sanduku la safari. Sikiliza Never Is a Long Time. Sikiliza So Far Away, wimbo uliokuwa kwenye albamu yao ya kwanza kabisa, Pearls of Passion ya 1986, uliotoka kabla ulimwengu haujawajua, halafu wakaurudia wakiwa maarufu na wamechoka kwa safari. Ziweke rekodi hizo mbili, moja baada ya nyingine. Maneno hayajabadilika, anayeyaimba amebadilika.

Na kama unadhani kudharauliwa kwa nyimbo za albamu ni uvivu wa wasikilizaji peke yao, kumbuka Marekani 1994. Crash! Boom! Bang! ilipotoka, kule iliuzwa kwanza ikiwa imepunguzwa, kwenye migahawa ya McDonald's. Albamu ya nyimbo 15 ikakatwa, ikapewa jina la kuashiria kwamba hizi ndizo teule, ikauzwa pamoja na baga. Sina ugomvi na baga. Lakini kampuni ya muziki yenyewe ilikuwa inamwambia mnunuzi kwamba zilizobaki si lazima azisikie. Mwaka uliofuata, 1995, ukaja mkusanyiko wa vibao vyao uliopewa jina la utani mkubwa kabisa: Don't Bore Us – Get to the Chorus!, yaani msituchoshe, fikeni kwenye kiitikio. Ni utani, na unachekesha. Mamilioni ya watu waliuchukua kama maelekezo ya matumizi.

Majuzi nilialikwa kuchagua muziki kwenye kikao cha marafiki, watu wa rika langu, wengine wakiwa wale walionicheka zamani kwamba napenda muziki wa kulia huku umekumbatia mto. Nikapiga kibao kimoja tu kuwatuliza. Kisha bila kutangaza nikaweka What's She Like?, kutoka Crash! Boom! Bang!, ule ambao mwanamke anamuuliza aliyemwacha kuhusu huyo mwingine. Mazungumzo yakapungua. Jamaa mmoja, mbishi kuliko wote, akaniuliza huyu mwanamke ni nani. Nikamwambia ni Roxette. Akasema hapana, Roxette nawajua. Nikanyamaza nikamwacha asikilize, na sitawaficha, ile dakika niliifurahia kuliko inavyostahili.

Mnaniuliza mbinu. Mbinu ni kutoruka. Chukua albamu nzima, ianze mwanzo, uiache iishe. Usiweke mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Usiruke. Kama huna muda wa albamu nzima, anza na wimbo wa mwisho, kwa sababu hapo wasanii huweka kitu wanachokipenda wao, si kile cha kuuzia. (Kwa Look Sharp! kanuni hii inagoma, maana wimbo wa mwisho ni Listen to Your Heart. Nayo ni sawa, utakuwa umeusikia ukiwa mahali pake kwa mara ya kwanza.) Soma majina ya watunzi. Wimbo ukikuchosha mara ya kwanza, upe ya pili siku nyingine, na usiruke. Half a Woman, Half a Shadow kutoka Look Sharp! ulinichosha kabisa nikiwa kijana. Sasa ni kati ya nyimbo zao ninazozirudia zaidi.

Na ndugu zangu, tuambiane ukweli. Tunawafanyia wasanii jambo ambalo tusingependa kufanyiwa. Unamchukua mtu aliyefanya kazi miaka thelathini, unamkumbuka kwa robo saa. Marie aliugua uvimbe wa ubongo 2002, akarudi jukwaani, akazunguka dunia tena, mwisho akiimba akiwa ameketi. Albamu ya mwisho, Good Karma, ilitoka 2016, na akafariki Desemba 2019 akiwa na miaka 61. Waliomlilia siku ile walipiga It Must Have Been Love, na walikuwa na haki. Ni wangapi walioisikiliza Good Karma mpaka April Clouds, ulio wa mwisho? Sauti imepungua nguvu, na hajaificha.

Kwa sasa nimehamia kwenye albamu alizotoa peke yake kwa Kiswidi, nikianzia na Den ständiga resan ya 1992, iliyotoka mwaka uleule wa Tourism, na ambayo sehemu kubwa aliitunga mwenyewe. Sijui Kiswidi hata cha kuombea maji. Nimefika katikati, na kama kuna msomaji anayekifahamu, naomba aniandikie kabla sijaanza kuzibatiza na hizi majina yangu.