Pikapu ya shingoni au ya darajani? Sikiliza kwanza wenzako wanapiga nini

Ndugu wa Kakamega, nimesoma swali lako. Una gitaa la umeme la mtindo wa Stratocaster lenye pikapu tatu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) na swichi ya hatua tano ya kuzichagua. Jumapili unapiga kanisani, na wikendi nyingine unaalikwa harusini kupiga benga na rumba. Nyumbani pikapu ya shingoni inakupendeza, lakini ukiingia kwenye bendi unaambiwa husikiki. Mwenzetu amekujibu kwamba shingoni ni ridhimu (kupiga kodi za kuandamana), darajani, kule nyuzi zinakofungwa kwenye mwili wa gitaa, ni solo, na mambo yameisha. Hapo sikubaliani naye.

Najua mazoea hayo yanatoka wapi. Kwenye magitaa ya Les Paul, ambayo Gibson ilianza kuyauza 1952, swichi imezoeleka kuandikwa "Rhythm" upande wa shingo na "Treble" upande wa daraja. Watu wakaishika kama amri. Lakini Wes Montgomery, yule Mmarekani wa jazi aliyepiga kwa kidole gumba, solo zake zilitoka kwenye pikapu ya shingoni, na hakuna aliyewahi kumwambia hasikiki. Na huku kwetu Kisumu kuna wapiga ridhimu wasioondoka darajani usiku kucha, na wako sawa kabisa.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa na kwenda kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Sasa, pikapu haisikii uzi mzima. Inasikia kile kipande kilicho juu yake tu. Karibu na daraja uzi umebanwa, unatikisika kidogo, kwa hiyo uzito wa sauti unapungua na ule ukali wa juu unabaki. Ukisogea kuelekea shingoni uzi unacheza kwa upana zaidi, na sauti inajaa.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Gusa uzi wa tatu kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), usiukandamize, upige kisha uondoe kidole. Utapata sauti nyembamba ya juu. Kwa pikapu ya darajani inalia wazi. Hamisha swichi hadi shingoni, rudia: inafifia, karibu ipotee. Sababu ni kwamba sauti ile inagawanya uzi sehemu nne sawa, na pikapu ya shingoni ya Stratocaster imekaa takriban robo ya uzi kutoka darajani, mahali ambapo uzi unakuwa umetulia. Ukibonyeza freti nyingine hesabu inabadilika, ndiyo maana pikapu hiyo inabadilika rangi kadiri unavyopanda.

Sasa turudi kwenye bendi yako. Nyumbani uko peke yako, hakuna anayegombania ule unene wa sauti, kwa hiyo shingoni panakuwa patamu. Kanisani kuna besi, kuna dramu, na kuna mtu wa kinanda ambaye mkono wake wa kushoto haupumziki. Wote watatu wamekaa palepale unapotaka kukaa. Ongeza paa la mabati na kuta tupu zinazorudisha sauti, nawe unazidi kuzama. Ukiongeza voliumu, unaongeza matope tu. (Mvua ya Kakamega ikianza kupiga yale mabati, hapo hakuna pikapu itakayokuokoa. Subiri ipite.)

Kwenye harusi moja Ahero nilimwachia kijana wetu gitaa la solo, nikatembea hadi mwisho wa hema. Alikuwa shingoni, anapiga rumba. Mbele kwa jukwaa nilikuwa nimeisikia na kuipenda. Kule nyuma nilisikia besi na kinanda, gitaa nikaliona tu: vidole vinakwenda, sauti haipo. Nikampungia mkono, akasogeza swichi hadi darajani na katikati kwa pamoja. Voliumu hakuigusa. Noti zikatoka moja moja. Mzee niliyesimama karibu naye akaniuliza kama kuna mpiga gitaa mwingine ameingia.

Kwa benga mimi sina mjadala: solo anzia darajani. Sikiliza rekodi za gwiji wa benga D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Besi la benga halijifichi, linasukuma wimbo mbele. Gitaa la solo limekaa juu yake, jembamba, kavu, linamfuata mwimbaji na kumjibu akimaliza mstari, halafu sauti za watu zikinyamaza linachukua uwanja. Noti ni nyingi na zinafuatana haraka. Ukizipiga shingoni zinashikana. Kwa rumba kuna nafasi zaidi, hasa ukiwa wewe ndiye mi-solo, yaani gitaa la tatu linalokaa kati ya ridhimu na solo. Hapo hatua ya pili au ya nne ya swichi, zile zinazounganisha pikapu mbili, ndiyo nyumbani kwako. Zina faida nyingine pia: kwenye Stratocaster nyingi za siku hizi pikapu ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake, kwa hiyo ule mvumo wa umeme wetu wa hertz 50 unafutika ukiwa kwenye hatua hizo. Mahali penye jenereta au taa za tyubu utaniombea dua.

Shingoni usipatupe. Kwenye nyimbo za kuabudu, mtu wa kinanda akitulia na kubaki wewe na mwimbaji, hamia huko. Solo ya polepole juu ya freti ya kumi na mbili pia inapendeza huko, kwa sababu nyuzi nyembamba kule juu zinahitaji mwili kidogo.

Kuhusu malalamiko yako kwamba darajani panachoma masikio: kwa Stratocaster ya muundo wa zamani, vitufe viwili vya toni vinahudumia shingoni na katikati tu. Pikapu ya darajani haina toni kabisa! Fundi wa redio yeyote anayeshika chuma cha kulehemu vizuri anaweza kuongeza kipande kimoja cha waya kwenye swichi, ili kitufe cha chini kihudumie darajani pia. Kisha punguza kidogo, usifunge. Kabla ya hapo, sogeza mkono wa kulia mbele kidogo kuelekea shingoni unapopiga. Ni bure, na ukali unapungua.

Mwisho angalia urefu wa pikapu, maana nashuku ya shingoni iko juu mno. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na sumaku. Anzia milimita 2 upande wa uzi mnene, pungufu kidogo upande wa uzi mwembamba. Sumaku ikikaribia sana inavuta nyuzi, na ile minene inaanza kuyumba hata kama umetuni vizuri. Shingoni uzi unatikisika kwa upana, kwa hiyo pikapu yake ishuke kuliko ya darajani, mpaka ukihamisha swichi sauti isiruke ghafla. Skrubu ziko pembeni mwa pikapu, bisibisi ndogo inatosha, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Fanya kazi hiyo ampu ikiwa kwenye voliumu ya jukwaani, na ikiwezekana mtu wa besi awe anapiga.